Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: kitanda cha mteja wangu kinalowa mvua yadini kwako

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri, shikamoo.

Mimi ni fundi seremala, nina miaka 25, kijiwe changu kilikuwa pale barabarani jirani na stendi ya zamani. Nasema kilikuwa kwa sababu tangu jumanne sina kijiwe. Mgambo wako walifika saa nne asubuhi, hatukuwa tumepewa barua wala tangazo, wakabeba randa yangu ya umeme, wakabeba grainda, na wakabeba kitanda cha tano kwa sita cha mninga ambacho kilikuwa kimebaki vanishi tu. Kitanda hicho sio changu mheshimiwa. Ni cha mteja, kanipa advansi 250,000 na binti yake anaolewa jumamosi.

Nimeenda yadi mara tatu, jumatano naambiwa nilipe faini, alhamisi naambiwa mhusika hayupo, leo nimechungulia getini nikakiona kitanda kimeegeshwa ukutani nje, na mvua ya jana usiku yote imeishia pale. Ule mninga niliukausha miezi mitano chini ya bati nimeweka vijiti katikati ya kila ubao ili upepo upite, viungo nimechonga kwa patasi sijapiga msumari hata mmoja, sasa mbao ikilowa alafu ikapigwa jua kali inapinda na inapasuka, kila kiungo kinaachia. Yani kila nikisikia radi usiku nakaa kitandani siwezi kulala.

Naomba nikukumbushe maneno yako mwenyewe. Mwaka jana ulikuja kwenye mkutano pale uwanja wa shule ya msingi, ukashika maiki ukasema mafundi wote wa mbao na vyuma tutapewa eneo nyuma ya mnada, umeme wa fezi tatu utavutwa, na ndani ya miezi mitatu tutahama kwa utaratibu. Tulikupigia makofi. Tukaandikisha majina watu 43, kila mmoja akatoa pasipoti saizi mbili na kopi ya kitambulisho cha NIDA. Nimepita pale juzi, ni majani na nguzo moja ya zege yenye namba, mbuzi wanakula. Wengine wanasema eneo kapewa mtu mwingine, wengine wanasema hela ya nguzo za umeme haikutoka, mi sijui lipi kweli kwa sababu hakuna aliyerudi kutuambia chochote, na ukikaa kimya watu watajaza wenyewe.

Sikatai kwamba barabarani sio mahali pa kuranda mbao. Vumbi linakera, mama anayepika chapati pembeni yangu alishalalamika na ana haki yake, nikawa naranda alfajiri kabla hajawasha jiko. Lakini tungeenda wapi?

Hii kazi sikuiokota juzi. Mwaka 2016 ile kampeni ya madawati nchi nzima, mafundi wa mtaani kwetu walikuwa wanakesha, na mimi nimemaliza la saba sina pa kwenda, mjomba akanichukua niwe nafagia maranda na kupiga msasa. Mikono ilitoka malengelenge. Nikajifunza kunusa mbao nikajua hii mkongo hii mninga, kujua paina ya Mafinga iliyokauka na ile inayotoka maji bado. Mjomba alikata kile kitambulisho cha wajasiriamali cha 20,000 akaamini hatabughudhiwa tena, na miaka miwili baadae akahamishwa vilevile. Alirudi kijijini kulima, vifaa vyake vya mkono akaniachia mimi. Randa ya umeme nimeinunua mwenyewe, 450,000, nilikusanya miezi kumi na moja.

Na mkopo ule wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni ya vijana bila riba, hiyo ipo kwenye sheria mheshimiwa. Ulisimamishwa 2023 tukasubiri, uliporudi tukaunda kikundi vijana watano, tukafungua akaunti, tukaandika katiba. Tukakwama kwenye sehemu ya biashara. Tuliambiwa tuonyeshe eneo la kudumu, na eneo la kudumu ndio lile ulilotuahidi wewe! Kwa hiyo bila eneo hakuna mkopo na bila mkopo siwezi kulipia fremu, sasa mtu atoke vipi hapo?

Mipango ninayo, nimeichora kwenye daftari. Mashine ya kukereza miguu ya meza na vitanda, mashine kubwa ya kuranda tutumie kwa pamoja, banda la kukaushia mbao ili tuache kuuziana samani mbichi ambazo baada ya mwezi droo haifungi. Malori ya mbao yanapita hapa kila siku kwenda Dar, alafu mji wetu unanunua makabati ya MDF yanayovimba ukimwagikiwa ndoo moja ya maji. Vijana wawili wananifuata niwafundishe, mmoja ana miaka 17, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Jumanne alisimama anaangalia randa inapandishwa kwenye gari akaniuliza, kaka, kesho tuje? Sikumjibu.

Eneo naomba bado, sote 43 tunaomba, utupe jibu hata kama ni hapana tujue. Lakini leo mheshimiwa naomba kitanda. Faini nitalipa nikipewa kontrol namba, hata kwa awamu, ila kitanda kitoke kwenye mvua leo, kabla ya jioni. Kipo mkono wa kulia ukiingia getini, ubao wa kichwani nimechonga majani matatu. Kama gari hamna nitakuja na mkokoteni. Hata kama hakiwezi kutoka leo, basi mwambie mlinzi akiingize ndani ya stoo au akifunike turubai, turubai naleta mimi.

Fundi seremala, zamani wa stendi ya zamani