Shukrani kwa fundi wa Kishami aliyenitengenezea kasha la bibi

Mzee wangu wa mtaa wa Sonnenallee hapa Berlin, jina umenikataza nisilitaje, lakini shukrani siwezi kuzinyamazia. Kasha la marehemu bibi, la msaji lenye njumu za shaba, lilitoka Unguja likafika Berlin kifuniko kimepasuka. Mafundi wengine waliniambia nilitupe. Wewe ulipapasa nakshi kwa kidole gumba, ukauliza nani alilichonga.

Kwenu Dameski, Syria, ulichonga sanamu za mawe na samani za mti wa jozi: mbao inachimbwa mifereji myembamba kwa patasi, unalazwa uzi wa bati, kisha kila kipande cha ganda la chaza kinasuguliwa mpaka kikae barabara. Vita vilivyoanza 2011 vikakung'oa. Ujerumani ukaanzia kuwapakia watu rangi kwenye kuta za nyumba zao, mikono kama ile! Hilo linaniuma mpaka leo.

Ufa umeuziba kwa msaji mtupu, na njumu zilizopotea umezifua mwenyewe. Pesa ukakataa, ukapokea halua tu. Mungu akupe afya, aibariki mikono yako. Wanaomjua wamfikishie salamu zangu, na mwenye kazi ya mbao Berlin ampelekee yeye.