Msiuze kompyuta hizi kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wasimamizi wa vyuo, viwanda na vituo vya utafiti kuanzia Nakuru hadi Busia. Matangazo ya kuuza vifaa vilivyochakaa hayakosi magazetini, na katikati ya viti vilivyovunjika na magari yasiyo na injini utaona mstari mmoja tu: "kompyuta kuukuu". Anayefika kununua ni mtu wa skrepu na mizani yake.

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Kisumu tangu ujana wangu. Nyumbani nina kompyuta ya PDP-11/34 niliyoinunua kwa bei hiyo hiyo ya chuma, baada ya dereva wa lori tunayefahamiana kunipigia simu kabla hajaipakia. Ilikuwa imetupwa kwenye stoo ya taasisi moja, imefunikwa magunia. Mashine hizi zilitengenezwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Massachusetts, Marekani. Familia ya PDP-11 ilianza kuuzwa mwaka 1970, na hii 11/34 ikatoka miaka michache baadaye. Ni kabati zima la chuma, lakini kumbukumbu yake haizidi kilobaiti 248. Picha moja ya simu ya siku hizi haitoshei humo.

Mashine iliyolala miaka mingi haichomekwi tu kwenye stima. Tulitoa kwanza kadi zote, yaani mbao zenye saketi zake, tukapandisha umeme polepole ili kapasita kubwa za pawa saplai, zile zinazotunza chaji ya umeme, zizoee tena, tukapima volti 5 hadi zikatulia bila kuyumba. Kazi kubwa ilikuwa diski, ile iitwayo RK05. Kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka, kwa kimo kidogo kuliko chembe ya vumbi, na sponji zilizomo kwenye njia za hewa zilikuwa zimegeuka unga. Ukiwasha hivyo, kichwa kinakwaruza sahani na kila kilichohifadhiwa kimekwenda. Tulifungua, tukasafisha kila kona, tukabadilisha chujio, na tukaondoa betri ndogo ya dharura iliyokuwa imevuja kemikali yake kwenye waya. Vijana wa jua kali walionisaidia wana mikono ya ajabu. Hakuna aliyewafundisha mashine hii, lakini chuma na solda wanavijua.

Ndani yake tuliweka Unix, Toleo la Sita, la mwaka 1975. Mfumo huu wa uendeshaji ulianzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs, New Jersey, kwenye mashine iliyotangulia, PDP-7. Hakuna wizi hapa: mnamo Januari 2002 kampuni ya Caldera, iliyokuwa na haki zake wakati huo, iliruhusu matoleo hayo ya zamani yatumiwe bure. Nakala ya diski nzima, megabaiti 2.5, tuliipitisha kwa waya kutoka kwenye laptopu kwa kasi ya herufi 960 kwa sekunde. Mtu anaweza kupika chai, akainywa na kuosha vikombe kabla haijakwisha.

Kuiwasha unaandika DK, jina fupi la diski hiyo. Diski inajibu kwa alama ya @, nawe unaandika unix. Kisha inakuja login, yaani inakuuliza jina lako, unaandika root, jina la msimamizi mkuu, na umeingia. Vijana walitatizika na jambo moja hasa: kufuta herufi unaandika #. Mfumo huu ulizaliwa enzi za mashine za taipu kama ASR-33, zilizochapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi, na karatasi haifutiki. Walipolielewa hilo, wao wenyewe waliona kwa nini amri zake ni fupi hivyo: ls ya kuorodhesha mafaili, cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, rm ya kufuta.

Sababu ya kuandika barua hii ni kwamba kiini cha mfumo huu, ile sehemu inayotawala mashine yote, hakifiki mistari 10,000, na matini yake yote, yaani maandishi ya programu yenyewe, yamo kwenye diski hiyo hiyo. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne ameyasoma mengi yake jioni baada ya jioni, akibishana nami, na mara kadhaa alinishinda. Alibadilisha maneno yanayomkaribisha mtu anayeingia, akakompaili programu upya, yaani akaigeuza kuwa lugha ya mashine, humo humo ndani ya mashine, akayaona yakitokea kwa Kijaluo. Linux, mfumo wa uendeshaji uliomo kwenye simu za Android, hata ya mama anayeuza omena Dunga, ilijengwa kwa kufuata Unix, lakini leo ina mamilioni ya mistari na hakuna mwanafunzi atakayeimaliza. Hii anaimaliza.

Wapo watakaosema SIMH inatosha, ile programu inayoiga mashine hizi kwenye laptopu. Kwa kujifunza amri, inatosha, nami huwapa wanaokaa mbali. Haitakufundisha kupima volti.

Tena, hatujui stoo zetu zina nini. Mwaka 2025, katika stoo ya Chuo Kikuu cha Utah, ilipatikana tepu ya Unix, Toleo la Nne, la mwaka 1973, la kwanza ambalo kiini chake kiliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo C. Ilipelekwa Computer History Museum, California, ikasomwa. Tepu hiyo ingeweza kabisa kwenda na takataka.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi: andikeni namba ya modeli katika tangazo. Msikate waya. Msiruhusu kadi zing'olewe kwa ajili ya dhahabu kidogo iliyopakwa kwenye meno yake. Vitabu, diski na tepu vibaki pamoja na mashine, na Makumbusho ya Kisumu yaulizwe kabla ya mtu wa mizani. Nimesikia kuna kabati mbili za aina hii Nakuru zinazosubiri kuuzwa. Kama ni kweli, sina fedha za kuzinunua zote mbili, lakini lori la kuzibeba nitalipata, na vijana wa kuzifungua wapo tayari.

Fundi wa elektroniki,
Nyalenda, Kisumu