Barua ya wazi kwa vijana wa konsaltansi mnaotaka PhD ya biashara

Wanangu, salamu kwanza, alafu mnistahamilie maana leo naandika na hasira kidogo. Kila ikifika Oktoba, Novemba, mnaanza kunimiminikia hapa Kibokoni, Mombasa, na laptop mkononi, "mwalimu hebu nipitishie macho hii stetimenti, dedilaini ni Disemba", yaani ile barua ya kumueleza profesa kwa nini unaomba nafasi ya PhD. Sikatai, kahawa ipo na kiti kipo, lakini ninayoyasoma humo yananikera na naona bora niwaambie nyote kwa pamoja.

Wa juzi ni kijana mzuri tu, adabu anazo, kafanya konsaltansi, ile kazi ya kushauri makampuni, Nairobi miaka kadhaa. Kurasa mbili. Ameongoza timu, amemuokolea mteja mamilioni, amesimama mbele ya mabosi wa benki, na mwisho kabisa mstari mmoja kwamba anataka kufanya utafiti utakaoinua biashara za Afrika. Nikamuuliza, swali lako ni lipi? Akanijibu kwa pointi tatu, tena anahesabu kwa vidole, vile mnavyofundishwa huko kazini. Nikamwambia baba, sijaomba majibu, nimeuliza swali lako. Akabaki anageuza kikombe.

Jamani, profesa anayesoma fomu yako hatafuti wa kumtatulia shida. Anatafuta mtu atakaekaa na jambo moja miaka mitano bila kujua jibu na asikimbie. Nyinyi mmezoea wiki nane mteja kashapewa majibu, invoisi imeenda, mmehamia kwa mwingine. Ni kazi ya halali wala siidharau, ila huko mnakotaka kwenda ukijionyesha unajua kila kitu wanajiuliza sasa huyu anakuja kufanya nini.

Basi nikamshikilia yule kijana hadi karibu na magharibi. Kumbe aliwahi kupewa mradi wa kampuni za kliaringi, zile zinazowatolea watu mizigo forodhani, hapa bandarini. Mnakumbuka 2019 serikali ilipoamuru makontena ya bara yapande treni ya SGR badala ya malori, mji ulivolia, watu wakaandamana, yadi zikabaki tupu na madereva wakarudi nyumbani. Sasa akaniambia, tena kama kitu cha kupita tu, kwamba kulikuwa na kampuni mbili za familia, mtaa mmoja, ukubwa karibu sawa, wateja walewale, moja ikafa na moja ipo mpaka leo, na kila aliemuuliza kwa nini alimpa sababu yake. Nikamuuliza hayo uliyaandika wapi? Akasema yaliondolewa kwenye ripoti, mteja hakuwa na haja nayo. Wallahi nilitaka kuchukua bakora! Hilo ndo swali lenyewe. Kwa nini pigo moja linaua biashara hii na kuiacha jirani yake, hayo ndo mambo watafiti wa stratejia, yaani mikakati ya biashara, wanayoyasoma maisha yao yote. Nendeni mkafungue slaidi mlizofuta, yale mteja alosema hayana maana, mkae nayo, mtafute nani kashayaandikia na amekwama wapi, alafu ndo muandike.

Mengine nayapitia mbio. MBA, ile digrii ya pili ya biashara, si lazima, wengi wanaingia na digrii ya kwanza. Mtihani wa kuingilia, GMAT au GRE, fanya mapema, alama zinaishi miaka 5, na GMAT ya sasa inaishia 805 si 800 kama ile ya zamani. Fainansi wanataka hesabu nzito, usiende huko kama kalkulasi iliishia fomu foo. Idara moja yaweza kuchukua watu wawili watatu tu kwa mwaka, kwa hivo omba vyuo vingi. Rekomendesheni tatu, na bosi wako wa kazini akizijaza zote umekwisha, anaehitajika ni mtu aliekuona ukifanya utafiti, kama huna basi tafuta kwanza kazi ya usaidizi wa utafiti kwa profesa mwaka mmoja au miwili. Na kama hamu yako ni kubaki kwenye biashara na kuitwa Dokta, kuna DBA, udaktari wa biashara kwa watu walio kazini, PhD inakutengeneza uwe mtafiti na mwalimu.

Hilo la Dokta ndo linaloniuma zaidi. Maana nilipombana yule kijana akakiri stetimenti si yake, kamlipa mtu. Na yuko wapi huyo mtu? Hapa hapa Kenya, kijana mwenye akili kama yake, anaeandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao usiku kucha kwa sababu digrii yake haikumpa kazi. Nani atamlaumu peke yake? Tumejenga jamii ambayo mwanasiasa akivishwa joho la heshima Jumamosi, Jumatatu ni Dokta kwenye mabango, na harusini mtu akitambulishwa Dokta anapelekwa meza ya mbele, hakuna hata mmoja anaeuliza kaandika nini. Na vyuo vyetu navyo, mwanafunzi wa PhD anajilipia karo, anafanya vibarua vya kufundisha huku na kule, msimamizi wake hashiki simu, alafu tunashangaa watu wakitafuta njia za mkato.

Na wewe binti yangu ulieniuliza kama miaka 34 na watoto wawili umechelewa, hujachelewa, tena umeona mengi kuliko hao watoto waliotoka digrii moja kwa moja. Ila tuzungumze pesa. Vyuo vikubwa vya Marekani kwenye biashara kwa kawaida havikutozi karo na vinakupa posho ya kuishi, miaka minne, mitano, wengine sita. Posho hiyo si mshahara wa konsaltansi, na ukiwa na watoto inabana kwelikweli. Kwa hivo ukae na mumeo mpige hesabu ya kodi, bima na shule kabla hujalipa hata ada ya maombi, na mama yako umwambie wewe mwenyewe mapema kwamba pesa unazomtumia kila mwezi zitapungua, asije akayasikia kwa watu.