Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mwanza: punguza mashine, ongeza chaja

Ndugu Afisa Elimu,

Yah: Ununuzi wa kompyuta mpakato kwa shule za msingi

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mafundi wa kompyuta na walimu wa TEHAMA wa hapa Mwanza. Ombi letu ni kwamba kabla zabuni yoyote ya kompyuta za watoto haijapandishwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, bajeti yake ikatwe upya. Katika kila shilingi kumi, sita zinunue mashine, na nne ziende kwenye umeme, vipuri, kabati na fundi. Idadi ya mashine itapungua, na picha ya siku ya makabidhiano haitapendeza sana. Tunalijua hilo.

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Ilipoanza kutengenezwa mwaka 2007 bei ilikaribia dola 200. Mashine yenyewe ilibuniwa vizuri: haina feni, haina diski inayozunguka, kioo chake kinasomeka juani. Peru iligawa mamia ya maelfu. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliotolewa mwaka 2012, uliofanyika katika shule 319, haukuona watoto wakipanda katika hisabati wala lugha. Shule nyingi kati ya hizo hazikuwa na intaneti. Uruguay walianza mwaka 2007, lakini wao waliunganisha shule na kuweka huduma ya matengenezo, na mpango wao wa Ceibal upo hadi leo.

Sasa tuje kwetu. Chukua shule yenye mashine 45, watoto wawili kwa kila moja, yaani darasa la watoto 90. Chaja moja ni wati 45. Zote zikichomekwa pamoja ni wati 2,025, karibu ampia 9 kwa umeme wa volti 230. Soketi ya ampia 13 inaweza kuubeba mzigo huo. Kinachoshindwa ni ekstensheni ya bei rahisi, ambayo waya wake wa milimita 0.75 za mraba ni wa ampia 6. Utapata moto kiasi cha kuyeyusha plagi, kisha mwalimu mkuu, kwa haki kabisa, atazifungia mashine zote stoo. Chajini 15 kwa zamu, zamu tatu za saa mbili mbili, mchana. Jioni chomoeni kila kitu: radi za ziwa hili hupiga zaidi usiku, na kuzima swichi tu hakutoshi, plagi itoke ukutani.

Kwa shule isiyo na umeme wa uhakika, mfano katika visiwa vya Ukara au Kome, hesabu ni hii. Betri moja ni kama wati-saa 40, mara 45 ni 1,800. Ongeza kinachopotea kwenye inveta na chaja, fanya 2,500. Jua letu, tukilihesabu kwa saa tano za nguvu kamili, linataka paneli za wati 500, ila kwa ajili ya siku za mawingu wekeni 800. Mkichaji mchana moja kwa moja, hamhitaji benki kubwa ya betri. Wauzaji hupenda sana kuwauzia benki hiyo, na ndiyo hufa mwanzo.

Tukifika kwenye betri za mashine zenyewe, za kawaida huvumilia mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kuchoka. Kwa siku 194 za masomo kwa mwaka, hiyo ni miaka miwili na nusu ukibahatika. Likizo ndefu ndiyo muuaji mkubwa. Mashine ikifungiwa Desemba ikiwa imeisha chaji, betri hushuka chini ya kiwango cha usalama na Januari inakataa kabisa kupokea chaji. Zifungwe zikiwa na asilimia 50, na agizo hilo libandikwe ndani ya mlango wa kabati.

Vioo navyo havivunjiki kwa kuangushwa peke yake. Mtoto anaacha kalamu juu ya kibodi, anafunga, na kioo kinapasuka kuanzia pale kalamu ilipolala. Dakika moja ya kukagua kibodi kabla ya kengele inaokoa vioo vingi.

Kwenye nyaraka za zabuni andikeni wazi: tundu la chaja liwe na waya wake, lisichomelewe kwenye ubao mkuu, maana la kuchomelewa likilegea unapeleka mashine nzima kwa fundi mwenye vifaa vya kuchomelea. Hifadhi iwe SSD, yaani diski isiyozunguka, inayobadilishika. Zile ndogo za gigabaiti 32 zilizogandishwa kwenye ubao hujaa kwa masasisho tu, hata kabla mtoto hajaandika jina lake. Mkipewa zilizotumika, kumbukeni Windows 10 iliacha kusaidiwa Oktoba 2025 na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11, basi ziwekewe Linux, mfumo endeshi wa bure. Feni ni bora isiwepo: vumbi letu, na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa, huishia humo. Na kwa kila mashine 100, chaja za akiba 10, betri 5, kibodi 5, vioo 3. Chaja ndiyo hupotea au kukatika kwanza, na isipokuwepo mashine nzima inahesabiwa mbovu.

Intaneti isisubiriwe. Kompyuta ndogo moja yenye Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti na ambayo ina Kiswahili, pamoja na ruta, inahudumia darasa zima bila bando. Ruta ya kawaida ikifunguliwa video na watoto wote kwa pamoja itakwama, kwa hiyo video moja ionyeshwe ukutani na mashine zibaki kwa mazoezi. Walimu wenye vishikwambi wataunganika humo humo.

Lipo jambo lisilohitaji hata senti. Toeni waraka kwamba mashine iliyoharibika kwa matumizi ya darasani si deni la mwalimu. Leo mwalimu anajua mtoto akivunja atahojiwa yeye, na ikikaa stoo hakuna atakayemuuliza. Akichagua stoo hatuwezi kumlaumu.

Siku ya kupokea mzigo, chukueni mashine kumi bila kuchagua, zichajiwe zijae, zichezeshwe video hadi zizime. Isiyodumu kwa muda wa saa nne irudi kwa mzabuni siku hiyo hiyo, kabla hamjasaini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mafundi wa kompyuta na walimu wa TEHAMA, Mwanza