Juha sio taahira jamani

Ndugu Mhariri,

Salaam. Kwenye fumbo la maneno la Jumapili mliuliza "mwenye upungufu wa akili", herufi nne, na jibu mkaweka juha. Hapo sikubaliani hata kidogo.

Taahira ni mtu ambaye akili yake haikukomaa toka utotoni, hilo ni suala la afya na sio la kuchekea. Juha asili yake ni jina la mtu, yule Juha wa ngano za Waarabu, na ni wa kale kwelikweli kwasababu al-Jahiz, mwandishi wa Kiarabu wa Basra kule Iraq aliyefariki karne ya 9, alishamtaja, Waturuki visa vyake vingi wanavisimulia kwa jina la Nasreddin Hoca, na Sisilia huko wanamwita Giufà.

Sasa ujuha wenyewe ni upi? Juha ana punda kumi, kapanda mmoja, anahesabu anapata tisa, anashuka anahesabu anapata kumi, anapanda tena tisa, mwisho anaona bora atembee kwa miguu kuliko kupoteza punda. Yani kuhesabu anajua vizuri tu ila aliyemkalia hamuoni! Huo ndio ujuha, na unatupata wote hata wenye digrii.

Halafu huyohuyo Juha aliuza nyumba akabakiza msumari mmoja ukutani kuwa ni mali yake, akawa kila siku anakuja kuuangalia na kutundika vitu vyake mpaka mnunuzi akachoka akakimbia akamwachia nyumba. Mtu wa hivyo utasema hana akili? Ila sisi Waswahili ujanja wote tulimpa Abunuwasi, Juha tukambakizia ujinga mtupu, kwa maoni yangu tumemdhulumu. Afadhali hata Wakenya waliosoma Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau kwenye Taifa Leo, maana kalulu kwa Kichewa cha Malawi ni sungura, kwahiyo kwenye jina hilo moja wamo mjinga na mjanja.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Mtoto akiwa mzito wa hesabu anaitwa juha mbele ya darasa zima, kesho taahira, keshokutwa punguani, kama vile maneno yote ni mamoja, na mtoto anayameza hivyohivyo.

Naomba mrekebishe jibu lile, na ule ukurasa wa watoto muwawekee visa vya Juha, wakianza na hicho cha msumari.

Msomaji wenu, Tanga