Mochari za binafsi zibandike bei langoni

Mhariri,

Mwenye kibanda cha chapati mtaani asipokuwa na cheti cha afya, maofisa wa kaunti humfungia siku hiyo hiyo. Bei ya juu kabisa ya petroli nayo hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kawi na mafuta ya Kenya, kila tarehe 14 ya mwezi, na dereva yeyote anajua akitozwa zaidi ameibiwa. Lakini mochari ya binafsi inaweza kumtoza mfiwa huyu bei hii na yule bei ile, na hakuna ofisa atakayeuliza kitu.

Sisemi serikali ipange bei. Ikipanga, ada ya kuhifadhi mwili itashuka na ya "usafi" itapanda, nasi tutakuwa palepale. Ninachotaka ni bei ijulikane kabla mwili haujapokelewa.

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi ya binamu yangu. Kwa simu tulitajiwa ada ya siku, tukaiona nafuu. Siku ya kuuchukua mwili ndipo karatasi ilipopitishwa dirishani: kutia dawa, kuosha, kuvalisha, pamba na glavu, ukumbi wa kuutazama mwili, na chini kabisa "ada ya jeneza la nje", kwa sababu letu tulilinunua kwa fundi. Hata siku zilikuwa na hesabu yake. Mwili ulifikishwa saa tano usiku, na ilipogonga saa sita ikawa siku ya kwanza imekwisha na ya pili imeanza. Huku nje gari la maiti linanguruma, dereva ana safari ya Busia, wazee wameshaketi kwenye basi. Nani angeanza kubishana? Tulilipa.

Biashara hii si kama nyingine. Aliyeona unga ghali huvuka barabara akauliza duka la pili. Maiti haizungushwi mjini kutafutiwa bei. Tena kwetu anayevutana na watu wa mochari huonekana amemchoka marehemu, kwa hivyo hata wanaojua wanapunjwa hunyamaza. Kila jioni kamati inakaa, michango ya M-Pesa inasomwa, kundi la WhatsApp linakumbushwa, na kila jioni bili imepanda. Familia isiyojiweza ndiyo huchelewa kuchanga, ndiyo huishia kulipia siku nyingi zaidi. (Ndugu zetu Waislamu, wanaozika upesi kwa jeneza la msikiti, walishaepukana na haya.)

Wenye mochari watasema umeme ni ghali, jenereta inakunywa dizeli, na wahudumu wa kazi ile hawapatikani ovyo. Kweli kabisa. Basi wayaandike hayo kwenye orodha, kila kitu na bei yake, tuyalipe tukijua.

Na wa kuwalazimisha yupo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti mamlaka juu ya makaburi, nyumba za mazishi na mahali pa kuchomea maiti, kwa hivyo hakuna haja ya kungoja Bunge. Ada za mochari za umma tayari huandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Kifungu cha 46 cha Katiba hiyo hiyo kinampa mteja haki ya kupewa maelezo anayohitaji kuhusu huduma anayolipia. Sioni ni kwa nini haki hiyo ikomee kwenye lango la mochari. Marekani tangu 1984 nyumba za mazishi hulazimika kumpa mteja orodha ya bei, kumtajia bei anayepiga simu, na tangu 1994 kupokea jeneza lililonunuliwa kwingine bila kulitoza ada. Uingereza nayo tangu 2021 huwataka waonyeshe bei dukani na mtandaoni. Hawakufilisika.

Halafu kuna kuzuilia maiti. Mahakama Kuu mjini Mombasa ilisema mwaka 1998 kwamba maiti si mali ya kushikiliwa kwa sababu ya deni. Bado watu wanauza ng'ombe kukomboa miili ya jamaa zao. Mfiwa asiye na wakili atafanya nini na hukumu? Kitakachomsaidia ni kibali cha biashara ambacho kaunti inaweza kukataa kukifanya upya, na ofisa wa afya ya umma anayekuja kukagua majokofu na taka akiagizwa pia aitazame orodha ya bei na daftari la miili iliyozuiliwa.

Kila mwaka kaunti huita wananchi watoe maoni kuhusu Muswada wa Fedha, na kwa kawaida viti hubaki vitupu. Safari ijayo nitakwenda na karatasi ile ya dirishani. Wasomaji waliotunza risiti zao za mochari nawaomba wazilete katika kaunti zao.

Mweka hazina wa kamati,
Nairobi