Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ardhi Mpya na Fungu la Kuitunza

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka. Hesabu ataziwasilisha mweka hazina, na kazi za kamati ndogo zimo kwenye makabrasha mliyokwisha kupokea. Mimi nataka tuzungumzie suala lililotugawa kuliko yote mwaka huu: je, tuendelee kuibana mamlaka ya hifadhi za kanda iongeze ardhi, au kwanza itunze iliyo nayo?

Mimi nataka ardhi iongezwe. Hifadhi hizi ziko jirani na miji, na eneo likishajengwa halirudi tena kuwa msitu. Hata ukanda mwembamba kando ya mto, ukiunganisha hifadhi mbili, unaweza kuwafaa wanyama na watembeaji kuliko kilima kizima kilichozungukwa na nyumba. Anayesema tusubiri hadi hali iwe nzuri anasahau kwamba wajenzi hawasubiri.

Lakini nina sharti: kila kipande kipya kije na fungu lake la matunzo.

Kuna wilaya ya hifadhi za kanda ya East Bay, huko California, yaani chombo cha umma kinachosimamia hifadhi za eneo hilo, ambayo kila anayeshughulika na mambo haya anapaswa kuijua. Mwaka 1934, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, wapiga kura wa huko walikubali kujitoza kodi ili waanzishe hifadhi zao. Ardhi ya kwanza ilinunuliwa mwaka 1936 kutoka shirika la maji. Leo wana zaidi ya hekta 50,000. Wengi huishia kuusifu ukubwa huo, ila mimi naona uongozi wao hasa kwenye mpangilio wa fedha. Mwaka 2008 wapiga kura waliidhinisha hati fungani, yaani mkopo wa umma, za dola milioni 500. Fedha za namna hiyo ni za kununua na kujenga. Hazilipi mshahara wa askari wa hifadhi wala wa fundi wa vijia. Kwa kazi hizo, wakazi wa sehemu ya wilaya hiyo walikuwa wameshapitisha kodi ndogo ya viwanja mwaka 2004, na mwaka 2018 wakaiongezea muda. Waliulizwa mara mbili wakakubali mara mbili, kwa sababu walielezwa wazi kila senti inakwenda wapi.

Ufaransa nako kuna funzo, tena chungu. Huko hifadhi ya kanda husimama juu ya mkataba ambao vijiji na miji huutia saini kwa hiari, na mkataba huo huhuishwa kila baada ya miaka kadhaa. Marais poitevin, eneo kubwa la ardhi oevu, lilipata hadhi hiyo mwaka 1979, likaipoteza miaka ya 1990 malisho yake mengi yalipokaushwa na kulimwa nafaka, na halikuirudishiwa hadi mwaka 2014. Mipaka ilikuwepo kwenye ramani muda wote ule. Kilichopungua ni usimamizi.

Kwetu, wanachama waliotembea pamoja na kamati ya vijia waliona jambo lile lile kwa udogo wake. Kuna kijia kinachoshuka mteremko moja kwa moja. Mifereji ya kukinga maji imezibwa na majani na udongo, hivyo mvua ikinyesha maji yote hufuata njia ya miguu. Katikati pamechimbika hadi mizizi inaning'inia. Watu wanakwepa pembeni, wanakanyaga miche, na kijia kinazidi kutanuka. Kuzibua mifereji ile kabla ya masika ni kazi ya watu wachache wenye majembe. Ikiachwa, itabidi njia yote ihamishwe. Nawashukuru kwa dhati waliojitolea kuanza kazi hiyo bila kusubiri barua ya mtu.

Tulipoiuliza mamlaka orodha ya vijia, madaraja na vyoo pamoja na hali ya kila kimoja, tuliambiwa bado inaandaliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nawaomba wawakilishi wetu kwenye bodi wasiunge mkono ununuzi wowote mpya kabla ya orodha hiyo kuwekwa mezani. Najua baadhi yenu mnaona huku ni kuchelewesha. Kwa maoni yangu, bodi inayojua gharama ya kutunza ilicho nacho ndiyo itakayoaminiwa na walipa kodi itakaporudi kuomba zaidi.

Azimio lililo mbele yenu, basi, lina vipengele viwili: kila pendekezo la ununuzi liambatane na makadirio ya matunzo ya miaka kumi, na makadirio hayo yatangazwe kwa wananchi kabla bodi haijapiga kura. Kamati tendaji inaliunga mkono kwa kauli moja. Katibu ataligawa sasa, na mjadala utaanza mara baada ya taarifa ya mweka hazina.